Batimbo: Ngoma za Gishora Katika Bendi ya Liverpool

Tarehe 16 hadi 18 Julai 1982, kwenye viwanja vya maonyesho ya kilimo vya Shepton Mallet, kusini-magharibi mwa Uingereza, lilifanyika tamasha la kwanza la WOMAD. Kati ya waliopanda jukwaani walikuwamo wapiga ngoma kutoka Burundi, na walikuwamo vijana wanne wa Liverpool waliojiita Echo & the Bunnymen. Kwa muda wa wimbo mmoja makundi hayo mawili yalikuwa bendi moja. Wimbo ulipokwisha, kila kundi lilishika njia yake, na historia ya muziki wa Uingereza ikawaandika Warundi wale kwa mstari mmoja.

Hata deiwaka wa daladala hupata zamu ndefu kuliko hiyo. Wapenzi wa muziki wa Ulaya wana desturi ya kuweka orodha ya kila mtu aliyewahi kushika chombo katika bendi wanayoipenda: aliyepiga besi kwa miezi mitatu, aliyeshika kinanda kwenye ziara moja ya Marekani, aliyekaimu kiti cha mpiga dramu wiki mbili kwa sababu mwenyewe anaumwa. Wote wana majina, na wengi wana hata tarehe ya kuingia na ya kutoka. Batimbo, yaani wapiga ngoma wale wa Burundi wa 1982, wana jina la kundi tu. Nao hawakuwa wageni katika kazi ya ngoma. Walitoka katika taasisi iliyokuwa ikilea wapiga ngoma kizazi baada ya kizazi kabla ya wazee wa vijana wale wa Liverpool kuzaliwa. Taasisi hiyo ndiyo tunayoikumbuka hapa, pamoja na watu wake waliokwenda kufanya kibarua cha siku mbili tatu katika bendi za watu.

Yafaa habari hii isimuliwe kutoka Kagunga. Ukitoka Kigoma mjini kwa boti ukaelekea kaskazini, unaipita hifadhi ya Gombe, unaipita Mwamgongo, na mwisho unafika Kagunga, kijiji cha mwisho cha Tanzania kwenye mwambao huu. Nyuma kuna milima iliyosimama wima, mbele kuna ziwa, na ukingo wa kijiji ni mpaka wa Burundi. Kiha cha hapa na Kirundi cha kule vinasikilizana bila mkalimani. Sokoni mtu ananunua dagaa na mawese kwa shilingi au kwa faranga, inategemea nani kavuka asubuhi hiyo. Na kama Burundi, Buha, yaani nchi ya Waha, nayo ilitawaliwa na wami, yaani wafalme, waliokuwa na ngoma za enzi. Kwa hiyo mtu wa Kagunga anaposikia kwamba ngoma za Burundi zilikwenda Ulaya, hasikii habari za mbali. Anasikia habari za jirani aliyeondoka na chombo ambacho hata kwao kiliheshimiwa.

Sasa taasisi yenyewe. Kilima cha Gishora kipo karibu na Gitega, katikati ya Burundi. Mapokeo yanasema kwamba mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala nusu ya pili ya karne ya 19 hadi kufa kwake mwaka 1908, alipachagua mahali hapo baada ya kumshinda mkuu mwasi aliyeitwa Ntibirangwa, akapafanya makao ya ngoma. Ngoma mbili za Gishora, Ruciteme na Murimirwa, zina majina yake na zina heshima yake, hazipigwi ovyo. Juu ya zote ilikuwapo Karyenda, ngoma ya ufalme wenyewe, ambayo mwananchi wa kawaida hakuiona ila kwa nadra. Ngoma zilitangaza kutawazwa kwa mwami, zilisindikiza msiba wake, na mwezi Desemba zilifungua Umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama, ambayo bila ya mwami kuibariki watu hawakupanda.

Ngoma hiyo huchongwa kutoka gogo zima la mti ambao Warundi huuita umuvugangoma, nasi twaujua kwa jina la mringaringa. Gogo hutobolewa ndani, ngozi mbichi ya ng'ombe huvutwa mdomoni, kisha hupigiliwa vigingi vya mti kuzunguka ukingo. Ikikauka, ngozi inakaza hadi inalia kama ubao. Hakuna kamba wala msumari. Ngoma ikishakamilika ni nzito kiasi cha kumtosha mwanamume mzima, lakini batimbo huingia uwanjani wakiwa wamejitwika kichwani, mikono imeinuliwa, fimbo zinaipiga huku wanatembea. Kwa mtu asiyewahi kuona, shingo yake mwenyewe huanza kuuma.

Wakifika uwanjani hutua ngoma katika nusu duara. Idadi yake kwa desturi haigawanyiki kwa mbili. Katikati, mbele ya wenzake, hukaa ngoma moja iitwayo inkiranya. Zilizo upande mmoja, amashakwe, hushikilia mdundo mmoja tu usiokatika tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi hiyo yaonekana rahisi hadi ujaribu. Nyingine, ibishikizo, humfuata aliyeko katikati: akibadili nazo zinabadili, akikata nazo zinakata. Basi mtu mmoja hutoka kwenye duara, huja kwenye inkiranya akirukaruka, hucheza na fimbo, huzipitisha shingoni kama anajichinja, huruka juu magoti yakigusa kifua, hupiga anachopiga, halafu huondoka na mwingine huja. Kila mmoja anapata dakika zake. Katika maonyesho mazuri karibu wote hupita katikati, mzee kwa kijana, na hakuna anayekaa pale mpaka pawe pake.

Utaratibu huo ndio ufunguo wa mambo yote yaliyofuata. Kwa batimbo, kushika nafasi ya mbele kwa muda mfupi si dalili ya udogo. Ndiyo kazi yenyewe. Kinachodumu ni ngoma na ukoo unaoitunza. Mtoto wa Gishora hakuandika barua ya kuomba nafasi. Alizaliwa ndani ya kazi, akaanza kwa kuwatazama wakubwa, akapewa fimbo alipofikia, akaja kuwa mzee wa kurekebisha wengine. Ngoma ilikuwa na jina, mtu alikuwa mmoja wa wanaoitumikia. Heshima hiyo, walipoingia katika biashara ya watu wanaouza majina, iligeuka kuwa hasara.

Ufalme ulikatika ghafla. Mwambutsa wa Nne, aliyekuwa mwami tangu 1915 akiwa mtoto mdogo, aliondolewa Julai 1966 na mwanawe, Ntare wa Tano. Miezi minne baadaye, Novemba 1966, Kapteni Michel Micombero akaufuta ufalme wote na kutangaza jamhuri. Ngoma zikabaki bila ya mwenyewe. Jamhuri haikuzichoma, ilizichukua. Batimbo wakawa wa kupokea marais uwanja wa ndege, wa kupamba sikukuu ya uhuru, na mavazi yao yakawa ya rangi za bendera: nyekundu, nyeupe na kijani.

Mwaka 1967, ufalme ukiwa haujatimiza mwaka tangu ufe, Wafaransa wawili, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle, walifika Burundi na vinasa sauti. Walichorekodi kilitolewa mwaka 1968 na Ocora, lebo ya redio ya Ufaransa, katika santuri ya muziki wa Burundi. Kulikuwamo nyimbo za zeze, kulikuwamo salamu za wanawake, na kulikuwamo kipande cha ngoma. Hicho cha mwisho ndicho kilichosafiri. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja Mfaransa alikibandika kinanda na gitaa juu yake, akakipa jina "Burundi Black", na kikauzwa hadi kikaingia katika chati za Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada alikitumia chini ya wimbo wake "The Jungle Line". Waliopiga ngoma zile walikuwa mashambani kwao.

Hapa inatubidi tuwaeleze vijana wa Uingereza walikuwa wanatafuta nini. Panki ilikuwa imelipuka mwaka 1976 na 1977: gitaa, kelele, hasira, nyimbo za dakika mbili. Kufikia 1979 wenyewe walikuwa wameichoka. Waliofuata, wanaoitwa wa posti-panki, walibaki na ukali ule lakini walitaka miguu mingine ya kusimamia. Wengine waliiendea rege ya Jamaika, wengine mashine za umeme, wengine wakaikuta santuri ya Ocora. Meneja Malcolm McLaren, yule wa Sex Pistols, alimsikilizisha ngoma za Burundi kijana mmoja wa London aliyejiita Adam Ant. Kisha akamnyang'anya wapigaji wake na kuwaundia bendi nyingine, Bow Wow Wow, akamweka mbele binti wa miaka 13, Annabella Lwin. Adam naye hakulala. Aliunda upya Adam and the Ants, akaweka wapiga dramu wawili badala ya mmoja, na mwaka 1980 akatoa "Kings of the Wild Frontier". Kwa mwaka mmoja na ushei mdundo wa Burundi ukawa unapigwa kwenye televisheni ya Uingereza na vijana waliojipaka rangi usoni, wamevaa makoti ya kiharamia.

Sina ugomvi na kijana anayesikia ngoma akaipenda. Muziki wa dansi wetu wenyewe umejengwa na rumba ya Kuba iliyopita Kongo, na hakuna aliyetuma hundi Havana. Lakini kuna tofauti ya kuiga mdundo na kuchukua rekodi yenyewe ya watu, jasho lao, ukaiwekea kinanda na kuiandika jina lako. La kwanza ni la wanamuziki wote duniani. La pili lina mwenye mali, na mwenye mali hakuulizwa.

Ndiyo maana Shepton Mallet ina uzito wake. Pale, mwaka 1982, aliitwa mtu mwenyewe na si kivuli chake. WOMAD ilianzishwa mwaka 1980 na Peter Gabriel pamoja na vijana wa Bristol, akiwamo Thomas Brooman, kwa wazo kwamba bendi za roki zenye mashabiki zingeuvuta umati, na umati ukifika ungewakuta Warundi, Wahindi, Wamisri na Mnijeria Prince Nico Mbarga. Echo & the Bunnymen walikuwa moja ya ndoano hizo. Bendi ilianza Liverpool mwaka 1978 bila mpiga dramu kabisa. Ian McCulloch, Will Sergeant na Les Pattinson walitumia mashine ya kupiga midundo. Baadaye wakamleta Pete de Freitas, aliyezaliwa Port of Spain, na yeye ndiye aliyewapa mgongo. Kwenye albamu yao ya 1981, "Heaven Up Here", kuna wimbo "All My Colours" ambao hauendeshwi na gitaa bali na ngoma nzito za chini zinazojirudia, taratibu, kama maandamano. Ulijulikana pia kwa jina la "Zimbo".

Wimbo huo ndio walioupiga pamoja na batimbo. Anayesikiliza leo rekodi ya onyesho hilo atagundua kitu ambacho maandishi hayasemi: Warundi hawakubadili tabia kuwafuata wenyeji. De Freitas anapiga mdundo wake, mmoja tu, hauchanganyi. Kwa utaratibu wa Gishora amefanya kazi ya amashakwe. Ngoma zinaingia juu na kando yake, zinajaza nafasi, na bendi ya roki iliyo maarufu nchini mwake inajikuta imekuwa upande wa duara. Sauti ya McCulloch inalazimika kupanda. Hakuna aliyeandaa hesabu ngumu. Mpiga dramu mmoja mwenye sikio alijua ashike wapi aachie wapi. De Freitas alifariki kwa ajali ya pikipiki mwaka 1989, akiwa na miaka 27, na kwa maoni yangu kazi yake ya siku hiyo haijapewa sifa inayostahili, hata na wale wanaomlilia.

Kibiashara tamasha lilianguka vibaya. Treni zilikuwa katika mgomo mwezi huo, watu hawakufika kwa idadi iliyotarajiwa, na WOMAD ikabaki na madeni ya kutisha. Peter Gabriel akaokolewa na wenzake wa zamani: tarehe 2 Oktoba 1982 Genesis walikutana naye tena kwa onyesho moja huko Milton Keynes ili kulipa wadai. Januari 1983 Bunnymen wakatoa wimbo "The Cutter", uliofika katika kumi bora za Uingereza, na kwenye santuri yake kubwa, upande wa pili, wakaiweka "Zimbo" ya Shepton Mallet. Hapo ndipo batimbo walipoingia katika orodha ya kazi za bendi ya posti-panki. Kibarua kikawa kimekwisha.

Tuwe waungwana: hao wa Liverpool walifanya zaidi ya wengi. Waliwataja. Wapiga ngoma walionekana jukwaani na sura zao, na santuri ikasema ni wao. Lakini walitajwa kama kundi, "Royal Burundi Drummers", wakati ufalme wenyewe ulishakufa miaka 16 nyuma. Sokoni Ulaya mfalme aliendelea kuuza tiketi hata baada ya kuondolewa, na majina ya watu waliotoka jasho hayakuwa na soko.

Linganisha na kwetu. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, alipowachomoa wanamuziki sita wa DDC Mlimani Park, maarufu kwa jina la Sikinde, ili aanzishe International Orchestra Safari Sound, mji mzima wa Dar es Salaam uliwajua. Watu waligombana vijiweni kuhusu Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka, nani kakosea, nani atarudi Sikinde, nani atakufa njaa. Shaaban Dede na Max Bushoke walipoletwa kuziba mapengo, walijulikana kwa majina tangu wiki ya kwanza. Dansi ni ulimwengu wa kuhamahama, mtu analala bendi ya Msondo anaamka Sikinde, lakini kila hatua ina jina juu yake, na nyimbo zenyewe huwataja wapigaji. Deiwaka wa dansi hupunjwa malipo mara nyingi. Jina hapunjwi.

Baada ya batimbo, njia ya WOMAD ilipitiwa na wengine wa huku. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978 kuipigia Orchestra Makassy, alialikwa pamoja na bendi yake, Super Matimila, mwaka 1988, na mwaka uliofuata ikatoka "Songs for the Poor Man" kwa lebo ya Real World. Hukwe Zawose, Mgogo wa Bagamoyo kwa kazi na wa Dodoma kwa asili, alirekodi hukohuko, na mwaka 2002, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, alizunguka Marekani katika ziara ya Peter Gabriel pamoja na mpwawe Charles. Hao wote walikwenda na majina yao kwenye jalada. Batimbo nao walirudi mara kwa mara katika matamasha ya WOMAD, na Real World ikatoa rekodi yao mwanzoni mwa miaka ya 1990: kipande kimoja kirefu, tangu wanaingia hadi wanatoka, bila gitaa la mtu yeyote. Ni rekodi bora kuliko zote zilizotajwa hapa. Jina la juu lilibaki la kundi tu.

Kwao Burundi, wakati huo, mambo yalikuwa yanaharibika. Mauaji ya 1972 yalikuwa yamekwisha kuwavusha Warundi wengi kuja Tanzania, wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wengi wao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye akauawa na vita vikaanza tena. Kisha ikaja 2015. Mwezi Aprili Pierre Nkurunziza alitangazwa kugombea muhula wa tatu, Bujumbura ikachafuka, na mwezi Mei watu wakaanza kushuka milimani kuingia Kagunga.

Waliokuwapo hawahitaji kuelezwa. Kijiji kile chembamba, kilichobanwa kati ya mlima na maji, kilipokea makumi ya maelfu ya watu katika wiki chache. Watu walilala ufukweni, juu ya mawe, chini ya vitenge. Kwa kuwa barabara haikuwapo ya kuwatoa, njia ilikuwa ziwa, na chombo kilichowatosha kilikuwa MV Liemba, meli ya Wajerumani iliyoundwa Papenburg mwaka 1913. Meli haikuweza kufika ukingoni. Watu walipelekwa kwa mitumbwi, wakapandishwa juu, wapatao 600 kwa safari, hadi Kigoma, wakawekwa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa Nyarugusu. Kipindupindu kiliingia kati yao. Wenyeji wa Kagunga waligawana nao visima na vyoo ambavyo hata wao havikuwatosha.

Katika umati ule hakuna aliyebeba ngoma ya mringaringa kichwani. Nani angebeba ngoma akaacha mtoto? Lakini ujuzi ulivuka bila mzigo. Katika kambi za Kigoma, Nyarugusu na baadaye Nduta na Mtendeli, Warundi walichonga nyingine na kuzipiga, siku ya wakimbizi duniani na siku za ndoa. Hapa taasisi ilionyesha nguvu yake halisi, na si Shepton Mallet. Iliondolewa mfalme ikaendelea, ikaondolewa nchi ikaendelea. Kinachohitajika ni gogo, ngozi, fimbo mbili, na mzee mmoja anayekumbuka zamu.

Dunia nayo, kwa kujichelewesha, ilikuwa imeshatia saini. Novemba 2014, miezi michache tu kabla ya msiba wa Kagunga, UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Ukisoma maelezo yake utakuta idadi ya ngoma, nusu duara, mashairi ya kishujaa, miruko. Ni maelezo sahihi.

Oktoba 2017 serikali ya Burundi ikatoa amri yake. Makundi yote yajiandikishe wizarani. Anayetaka ngoma zipigwe kwenye sherehe aombe kibali na alipe faranga laki tano katika hazina. Na wanawake wasizipige, ila wacheze wakitaka. Walioitetea walisema wanalinda heshima ya ngoma isije ikawa ya kila arusi. Ninaielewa hofu hiyo, maana chombo cha Mwezi Gisabo kikipigwa kwenye uzinduzi wa duka la simu, kitu fulani kimepotea. Hata hivyo dawa ile ni mbaya. Ngoma ilikuwa chini ya ukoo, ikawa chini ya mwami, ikawa chini ya jamhuri, na sasa ikawekwa chini ya karani wa kukata risiti. Wanawake waliokuwa wameanza kuipiga kwa makundi yao walifukuzwa kwa mhuri mmoja. Katika amri yote ile, iliyojaa vibali na tozo, hakuna kifungu kinachotaka jina la mpigaji liandikwe kwenye rekodi inayouzwa.

Hilo Kigoma tunaweza kulianza bila kungoja serikali ya mtu. Wapo Mwanga, Ujiji, Kasulu na Kagunga yenyewe wazee waliowahi kupiga katika makundi ya batimbo kabla ya 1972 au kabla ya 1993, au waliowajua waliokwenda Ulaya. Wapo wenye picha za makundi hayo, zimekaa kwenye mabahasha na pasipoti zilizokwisha muda. Mwenye picha aigeuze, aandike nyuma majina ya waliosimama, kutoka kushoto, pamoja na mwaka na mahali. Asiyejua yote aandike anayoyajua. Kisha atoe nakala. Pale Ujiji ipo Kumbukumbu ya Dk. Livingstone, inayosimulia kwa makini wageni wawili waliokutana chini ya mwembe mwaka 1871. Wanaoisimamia wanaombwa kutenga ukuta mmoja kwa picha hizo.